Ubao utoke kanisani, ukae ghalani

Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilisimama kwenye foleni ya ghala la chama cha msingi, kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara. Mbele yangu kulikuwa na bibi aliyeleta magunia mawili. Karani akapima, akaandika, akamkatia stakabadhi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hebu nisomee, wameandika kilo ngapi?" Nikamsomea. Akauliza tena, nikamsomea tena. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Aliniamini kwa sababu hakuwa na namna nyingine, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Mimi ni Mwanglikana, mzaliwa wa Newala, na kwa miaka minne nimekuwa mwalimu wa kujitolea katika darasa la kisomo cha watu wazima linaloendeshwa na kanisa letu. Naipenda kazi hii kuliko kazi inayonilipa. Ndiyo maana nasema wazi: kanisa liendelee kufundisha watu kusoma, kushughulikia afya zao na kuwatoa ndani waliofichwa, lakini darasa lisikae ndani ya jengo la kanisa, na lisiwe mlango wa kuingilia ubatizo.

Kusini tunaidai historia heshima, na yenyewe inatudai. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana, aliongoza kundi la watu waliotolewa utumwani, wakatembea kutoka pwani hadi Masasi na kuanzisha makazi. Ni Steere huyo huyo aliyekuwa akitafsiri na kuchapa vitabu vya Kiswahili kule Unguja, kwa hiyo kanisa letu lilifika huku likiwa na kitabu mkononi. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaja Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao mpaka leo ndiyo kimbilio la watu wa Mtwara na Lindi. Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi, na miaka mingi baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mtoto wa Lupaso aliyepita shule ya Ndanda, Benjamin Mkapa, akawa Rais. Haya tunayataja kila jubilei.

Tusilolitaja ni upande wa pili. Shule kwa miaka mingi zilikuwa za misheni, na huku kwetu Waislamu ni wengi. Mzee aliyekataa kumpeleka mwanawe shule hakuwa mjinga. Aliogopa mtoto atarudi na jina jingine na dini nyingine, na hofu yake ilikuwa na sababu, maana waliorudi hivyo aliwaona kwa macho yake. Wasichana ndio waliozuiwa zaidi. Serikali ilipozichukua shule baada ya sheria ya elimu ya 1969, na Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wengi wa wasichana hao walikuwa wameshaolewa. Bibi mmoja wa darasani kwetu ananiambia alisoma ngumbaru miezi miwili tu, mume akasema chakula kinachelewa. Nikiwaangalia wanawake wa umri wake kwenye foleni ya ghala, naona deni, na sehemu ya deni hilo ni la kanisa langu.

Na tuache kuwaita watu hawa "wasiojua kusoma" kirahisi rahisi. Kwenye darasa la kwanza nilimpa bibi huyo kalamu, nikaanza kumwonyesha jinsi ya kuishika. Akaitwaa, akaandika jina lake kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Alikuwa amehitimu chuo cha Kurani utotoni. Huku ndiko Kilwa na Lindi, ambako tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi hizo zamani, kabla hatujazijua hizi za a, e, i, o, u. Tangu siku ile namuuliza kwanza kila anayeandikishwa: unajua herufi zipi? Anayejua alifu na bee anakwenda haraka, kwa sababu jambo gumu zaidi, la kujua kwamba alama ni sauti, analo tayari.

Darasa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa ndani ya kanisa, ubao umeegemezwa karibu na madhabahu. Lilianza Januari na kufikia Februari lilikuwa limekufa. Tulisema ni palizi, na kweli palizi ilikuwapo. Lakini Waislamu waliojiandikisha walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kijiji kizima ni chao. Mwaka uliofuata tulianza Juni. Korosho hupuliziwa dawa ya salfa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado upo, kwa hiyo alasiri watu wana nafasi. Tukakaa chini ya mkorosho ulio mbele ya ghala. Imamu alikuja siku ya kwanza akaketi mpaka mwisho, na wiki iliyofuata mkewe na dada zake wawili walikuwa wameshanunua madaftari.

Kitabu cha kwanza hakikuwa Injili. Kilikuwa stakabadhi. Tulifundisha tarakimu za mizani, kisha kilo mara bei ya mnada, kisha makato, kisha ujumbe wa benki unaoingia kwenye simu. Mtu anayeweza kusoma mizani hapunjwi kirahisi na wanunuzi wa kangomba wanaopita majumbani wakipima kwa bakuli. Njaa ya kabla ya msimu ndiyo inayowasukuma watu kuuza hivyo, na darasa haliondoi njaa. Linachofanya ni kumwezesha mtu ajue amepoteza kiasi gani, na wawili watatu wamekataa kuuza baada ya kupiga hesabu yao wenyewe chini, mchangani.

Afya iliingia yenyewe. Siku moja mama mmoja alileta bahasha ya dawa mseto ya mwanawe mkubwa aliyekuwa na malaria. Imeandikwa 4 x 2. Yeye alikuwa akimpa vidonge viwili mara nne kwa siku, kwa kuwa ndivyo alivyokumbuka. Jumla kwa siku ni ile ile, vinane, ila dawa ile ina saa zake: vinne, kisha vinne, siku tatu, vidonge 24. Tukatumia somo zima kuandika bahasha za dawa ubaoni, na muuguzi wa zahanati akaja kutusaidia.

Kisha macho. Nilikuwa na wanafunzi niliodhani ni wazito wa kushika, watu wa miaka hamsini na zaidi, wanaoshika daftari mbali kabisa na uso. Muuguzi akaniambia: hawa wanahitaji miwani ya kusomea tu. Nilijisikia vibaya sana, miezi mitatu nimekuwa nikiwarudishia herufi wasizoziona. Wengine walikuwa na kope zilizogeukia ndani, trakoma, na hao walipelekwa hospitali. Kama unaanzisha kisomo cha wazee popote Mtwara au Lindi, pima macho kabla hujanunua chaki.

Kuna mwanamume aliyekuwa akisikiliza akiwa nyuma ya ukuta wa ghala. Ana busha, ugonjwa unaojulikana sana ukanda wetu, unaoletwa na mbu waenezao matende, na alikuwa ameacha kwenda mikutano, misiba, hata msikitini. Hakuna tangazo la kanisani ambalo lingemfikia. Alikuja kwa sababu darasa lilikuwa nje na angeweza kusikiliza bila kuonekana. Ilichukua wiki nyingi kabla hajakubali kiti, na wiki nyingine kabla hajamuuliza muuguzi kuhusu upasuaji. Alipasuliwa. Sasa anakaa mbele. Nikisikia watu wakizungumza juu ya kanisa kuwajumuisha waliotengwa, ninamkumbuka huyu, aliyehitaji ukuta kwanza ndipo ahitaji kiti.

Kwenye halmashauri ya kanisa nimeulizwa swali la haki: chaki tunanunua sisi, taa tunanunua sisi, tukikaa nje na kuacha sala ya kufungua, watu watajuaje kwamba hii ni kazi ya kanisa? Nawaheshimu wazee waliouliza, ni watu wanaotoa sadaka kutoka kwenye kidogo walichonacho. Jibu langu ni hospitali ya Ndanda. Mgonjwa haulizwi dini akifika pale, na hakuna mtu wa kusini asiyejua nani waliijenga. Kijiji kinajua chaki inatoka wapi. Wengine walipendekeza mafundisho ya ubatizo yafuate mara baada ya kipindi cha kusoma, pale pale, watu wakiwa wameshakusanyika. Nilisimama nikasema tukifanya hivyo tutakuwa tumemthibitishia yule mzee wa zamani kwamba alikuwa sahihi kumficha binti yake. Ukumbi ulikuwa kimya kidogo. Padri wetu akasema tupige kura, na pendekezo likaanguka kwa tofauti ya kura chache sana.

Kwa hiyo jambo halijaisha. Halmashauri mpya itachaguliwa, na huenda ubao ukarudishwa karibu na madhabahu. Kwa sasa unalala ndani ya ghala, umefunikwa gunia ili vumbi la salfa lisiuharibu. Ufunguo anautunza yule bibi wa herufi za Kiarabu, na daftari la mahudhurio analijaza yeye, majina kwa mwandiko wetu, tarehe pembeni kwa wake.