Mwenzako anapoiangusha timu: umwambie au umwache?

Mwaka jana kwenye kikosi chetu cha PUBG Mobile, gemu ya vita ya kwenye simu, tulikuwa na kijana mmoja ambaye kila tukifika kwenye nyumba za kuokotea silaha, yeye anabaki nje. Sisi watatu tumeshaingia, tumepanda ghorofani, tunapekua vyumba. Yeye yuko kwenye nyasi, amesimama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Anapigwa. Mmoja wetu anatoka kwenda kumwinua, naye anapigwa. Usiku wa tatu uvumilivu ukaniishia, nikamwambia kwenye maiki, wote wakisikia: "Mdogo wangu, unazubaa mno. Ingia ndani!" Hakujibu. Alizima maiki yake, akacheza kimya mpaka mwisho, na kwa wiki mbili hatukumwona tena.

Nilimtafuta kwa ujumbe wa pembeni nikamwuliza jambo moja tu: ukifika pale kwenye nyumba, unaona nini? Akanitumia picha ya skrini yake. Nyumba ambayo sisi tulikuwa tumeshaingia, kwake ilikuwa bonge tu, halina mlango wala dirisha, kama udongo ambao mfinyanzi hajaanza kuufinyanga. Simu yake ilikuwa ndogo na imejaa, ikichukua sekunde nyingi kulichora jengo ambalo kwenye simu zetu lilionekana tangu tunatua. Kumbe hakuwa anazubaa. Alikuwa anasubiri mlango utokee.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana swali hili, na nimegundua kwamba wachezaji wamegawanyika kuhusu jambo hili kuliko nilivyodhani. Kuna wanaoamini kwamba anayewaangusha wenzake lazima aambiwe, tena papo hapo. Na kuna wanaoamini kwamba gemu ni gemu, kila mtu acheze anavyoweza, na asiyeridhika atafute timu nyingine. Pande zote mbili zina hoja nzito, na nimewahi kuwa kila upande.

Nianze na wanaotaka mtu aambiwe. Hoja yao kubwa ni haki ya wale wengine. Kikosi cha PUBG Mobile ni watu 4 kati ya 100 wanaoruka kutoka kwenye ndege inayowaleta vitani, na mechi ukiimaliza inaweza kula nusu saa. Anayejitahidi kupanda kutoka cheo cha Platinum kwenda cha Diamond ameweka muda wake, bando lake na usingizi wake. Mtu mmoja akirudia kosa lilelile mara sita, wenzake watatu wanalilipia mara sita. Kumwambia ni kuwaheshimu hao watatu pia.

Halafu kuna hoja ya pili, na hii ndiyo inayonigusa zaidi: kunyamaza mara nyingi si upole. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni iliyotoka 2004, inaonyesha jambo hili vizuri. Kundi la kuingia mapangoni, yaani kwenye maficho ya maadui, ni la watu 5: tanki mmoja anayepokea kipigo kwa niaba ya wenzake, mponyaji mmoja, na washambuliaji 3. Desemba 2009 gemu hiyo iliweka mfumo wa kuwakusanya wageni wenyewe kwa wenyewe, watu ambao hawajuani kabisa, pamoja na kura ya kumwondoa asiyefaa. Ukifikiri, ni jambo la kuumiza. Mponyaji mgeni anaingia, anakosea, hakuna anayemwambia neno, kura inapigwa kimyakimya, na ghafla anajikuta nje. Kesho anaingia na kundi jingine na kosa lilelile, anatolewa tena. Kila mtu amekuwa mstaarabu, hakuna aliyemtukana, na bado hakuna hata mmoja aliyempa nafasi ya kujifunza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa hata wanaouona uchi wanauficha, na anayebaki bila mtoto ni yule mgeni.

Wachezaji wa gemu hiyo kwa miaka mingi walitumia programu za nyongeza, kama Recount na Details, zinazosoma kila pigo na kuonyesha nani amemwumiza adui kiasi gani. Namba hizo zimewasaidia wengi. Mtu anayejali anaangalia alikopungukiwa, anabadilisha mpangilio wa mapigo yake, anarudi akiwa bora. Lakini namba hizohizo zikawa fimbo. Mara tu pambano linapoisha, mtu anabandika orodha mbele ya wote, na wa mwisho anaonekana. Sasa, namba ya mapigo haijui kwamba wa mwisho ndiye aliyekuwa akikatiza uchawi wa adui ambao ungewaua wote. Haijui kwamba ndiye aliyelengwa na laana ikambidi akimbie mbali na wenzake ili isiwalipukie. Haijui kama amevaa silaha za kuazima. Inajua jambo moja, na watu wanaisoma kana kwamba inajua yote.

Upande wa pili wa hoja una mfano wake mkubwa: Final Fantasy XIV, gemu nyingine ya mtandaoni ya aina hiyohiyo, ambayo ilizaliwa upya Agosti 2013 chini ya mtayarishaji wake Naoki Yoshida. Huko programu za nyongeza zimepigwa marufuku, zikiwemo hizo za kuhesabu mapigo, na anayemwandama mwenzake kwa namba hizo anajitafutia adhabu. Kanuni zake zinakwenda mbali zaidi: kumkataa mwenzako kwa sababu ya namna anavyocheza na kumlazimisha afuate yako kunahesabiwa kuwa kosa. Baada ya pango, kila mchezaji anaweza kumpa mwenzake mmoja pongezi. Mgeni anawekewa alama ya chipukizi juu ya jina lake ili wengine wajue ni wa kustahimiliwa.

Ninaielewa sana roho ya sheria hizo. Anayecheza na wewe usiku huu unamjua kwa jina la bandia na silaha aliyobeba, basi. Anaweza kuwa mtoto wa miaka 12, au muuguzi aliyetoka zamu, au baba aliyempakata mtoto anayekataa kulala. Pengine mtandao wake unakwenda mpaka seva ya Ulaya na kurudi, na adui anayemwona hapa yuko pale. Wachezaji wa gemu hiyo wana jibu lao maarufu kwa wanaowasumbua: hunilipii usajili wangu. Mtu amelipa ada ya mwezi ili apumzike, halafu asiyemjua anamfanyia usaili wa kazi.

Lakini marufuku nayo imezaa hofu. Kuna kisa ambacho kila aliyecheza gemu hiyo muda mrefu amekutana nacho: mchawi wa barafu. Ni mchezaji mpya aliyechagua uchawi, ambaye pambano zima anarusha barafu tu. Uchawi wa moto unaumiza adui zaidi lakini unamaliza nguvu za mchawi haraka. Barafu inazijaza tena. Utaratibu ni kuchoma mpaka nguvu ziishe, kugandisha mpaka zijae, kisha kurudi kwenye moto. Mgeni ameona tu kwamba akitumia barafu haishiwi, akafurahi, akabaki hapohapo. Kumsaidia ni sentensi moja. Na bado nimeona makundi ya watu 4 yakitembea pango zima, watatu wanaona, hakuna anayeisema, kwa sababu kila mmoja anaogopa asije akaripotiwa kwamba anamlazimisha mwenzake mtindo. Wanampa pongezi mwishoni, wanaagana, na yule anakwenda na barafu yake kwenye pango linalofuata, gumu zaidi, ambako atakutana na wasio na subira.

Kwa hiyo mimi siamini katika kunyamaza. Wala siamini katika kusema papo hapo, ingawa nilifanya hivyo usiku ule. Ninachoamini ni kwamba tunachanganya mambo mawili ambayo wakati wake ni tofauti: kuelekeza na kusahihisha. Risasi zikiwa zinalia, linalofaa kusemwa ni lile ambalo mtu bado anaweza kulifanya. "Turudi nyuma ya gari." "Duara linafunga, tusogee," yaani eneo salama linapungua. "Yupo dirishani, juu." Hayo ni maelekezo, na hakuna anayeumia kwa kuelekezwa vizuri. Lakini "kwa nini umetoka?" katikati ya mapambano haina jibu lenye faida. Imeshatokea. Anayeulizwa inabidi aache kumtazama adui ajitetee, vidole vinatetemeka, na sekunde inayofuata anakosea kosa jipya. Aliyemsema anajiona kumbe alikuwa na haki. Hajui kwamba kosa la pili amelisababisha yeye.

Gemu nyingine zimelitambua jambo hili katika muundo wenyewe. Apex Legends, gemu ya vita ya vikosi vya watu watatu iliyotoka Februari 2019, ilimpa kila mchezaji kitufe cha kuweka alama: adui yuko hapa, silaha iko pale, twende kule. Wageni watatu wasiojua lugha moja wanaweza kucheza mechi nzima bila kusemezana na bado wakaelewana. Ukichunguza alama zile, zote ni za kuelekeza, na hakuna hata moja inayosema "umeharibu". Ingawa mtu akitaka kuumiza haoni shida kupata njia: Rocket League, gemu ya kucheza mpira kwa magari, ilipowawekea wachezaji maneno mafupi ya kupongezana, ile pongezi ya kipa aliyeokoa mpira ikawa inarushwa mpira ukiwa umeshaingia wavuni, mara tatu mfululizo. Maneno mazuri, lakini yanachoma kuliko tusi.

Kwetu tunaocheza kwa Kiswahili lugha inatupa msaada ambao hatuutumii vya kutosha. "Sogea!" na "tusogee" ni agizo moja, ila la pili limenibeba na mimi. "Umekufa tena" ni hukumu. "Tumempoteza mtu upande wa kushoto" ni taarifa inayomsaidia kila mmoja. Na inabidi kukumbuka kwamba Kiswahili cha kwenye maiki si kimoja. Kijana wa Nairobi akisema "leta 5.56", yaani aina fulani ya risasi, kwake ni ombi la kawaida kabisa, wa Tanga anaisikia kama amri ya bosi, anangoja "naomba" ambayo haiji. Nimewahi kuona urafiki wa miezi ukivunjika kwa risasi thelathini zilizoombwa kwa lafudhi isiyozoeleka. Kabla ya kukasirika ni vizuri kujiuliza mwenzako ametoka wapi.

Kusahihisha sasa. Wakati wake ni mechi ikiisha, na mahali pake ni pembeni, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Watatu wakimsema mmoja, hata kila mmoja akiwa mpole, yule anakuwa amezingirwa. Anayefaa kusema ni aliye karibu naye zaidi, si anayecheza vizuri zaidi. Na lazima kuanza kwa swali la kweli, lile ambalo jibu lake hujui. "Unaona nini ukifika pale?" ni swali la kweli. "Huoni adui?" si swali. Baada ya hapo, jambo moja tu, linaloweza kufanyika mechi ijayo. Ukimpa matano hatalishika hata moja.

Wageni ambao hutawaona tena ni suala jingine, na hapo nakubaliana zaidi na wanaonyamaza. Huna pembeni pa kumwita, huna kesho ya kujenga naye, na neno lako hata likiwa sahihi litasikika kama la mpita njia aliyetupa jiwe. Mchawi wa barafu ni tofauti kwa sababu pango lina utulivu: kati ya pambano na pambano mnatembea, na mtu anaweza kuandika "habari, naomba nikuonyeshe kitu kidogo ukitaka". Akikataa, unaacha. Haki ya kukataa ni yake, hata kama tunashindwa kwa sababu hiyo. Najua wapo wasiokubaliana na mimi hapo, hasa kwenye mechi za vyeo, na hoja yao siwezi kuipuuza: wale watatu wengine nao walilipa.

Jambo moja linatusumbua sisi kuliko wengine, nalo ni umri. Nyumbani mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Kwenye gemu kijana wa miaka 15 ndiye anayejua ramani, na mwenye miaka 40 ndiye anayepigwa kwanza. Wakubwa wengi wanalichukulia kama kuvunjiwa heshima, wadogo wengi nao wanajifanya hawakuona, na timu inaendelea kupoteza. Nadhani mzigo huo ni wa mkubwa kuutua: aseme mwenyewe, mapema, "mkiniona nakosea niambieni". Asiposema hivyo, mdogo aliyelelewa vizuri hatathubutu.

Yule kijana wa mlangoni alirudi. Alifuta vitu vilivyoijaza simu yake, akashusha ubora wa picha hadi ngazi ya chini kabisa, na tukabadilisha namna ya kucheza: haingii nyumba kwanza, anabaki kilimani na darubini akitutazamia barabara mpaka majengo yatokee kwake. Ana jicho kali kuliko sisi wote. Juzi, tukiwa bado kwenye duara la nne, alibonyeza maiki akasema taratibu: "Kaka, kuna kitu nataka kukwambia. Niseme sasa au tumalize kwanza?"

Nikamwambia tumalize. Tulitolewa tukiwa wa 6. Akanipigia simu pembeni akaniambia kwamba kila nikimdondosha mtu nakimbilia mkoba wake kabla hatujajua wenzake wako wapi, na kwamba mechi ile tumeipoteza hapo. Nilirudia kichwani nilivyotoka nyuma ya jiwe lile, nikaona ni kweli.