Kubeba Ruksa, Kulamba Marufuku

Jamani, nimekaa hapa Iowa, Marekani, muda wa kutosha kujua kwamba nguruwe ni wengi kuliko watu, na si utani: nguruwe milioni 20 na ushee, watu milioni tatu na kidogo. Baridi nimeizoea. Zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama nimeizoea, mgongo tu ndio umegoma. Lakini hesabu ya umri ya hawa jamaa imenishinda, na naomba kabla sijafa atokee mtu anikalishe chini anieleweshe.

Hebu sikilizeni. Mtoto akifika miaka 14 anapewa kibali cha kujifunza gari, mzazi unakaa pembeni unasali. Akifika 18 anapiga kura, anaoa, anakabidhiwa bunduki na kupelekwa nchi ambayo hata mwalimu wake wa jiografia hawezi kuionyesha kwenye ramani. Sawa. Sasa askari huyo arudi likizo ana miaka 20, nishani kifuani, aombe bia moja ya baridi. Wapi! Wewe bado mtoto, kunywa soda. Mpaka ufike 21.

Na hiyo 21 nayo haikuandikwa kwenye Biblia. Ilikuja mwaka 1984, Rais Reagan alipotia saini sheria kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya hapo kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Majirani zetu wa South Dakota, waliokuwa wakiwauzia vijana wa miaka 19 bia nyepesi, wakachukia, wakapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1987 wakashindwa. Yaani watu walishikilia msimamo wao kuhusu utu uzima wa mtoto mpaka walipoonyeshwa bei ya lami.

Haya, nikakubali. Pombe si ya watoto, hata mimi nasema hivyo. Na wako makini kweli. Mimi hapa, mvi zote hizi, kitambi kimenitangulia mlangoni, nikienda dukani kununua bia zangu za mwisho wa wiki, keshia ananitazama machoni bila aibu: "Kitambulisho." Namwambia, "Binti, hivi kweli unaniona nina miaka 19?" Hacheki. Anaigeuza leseni, anaisoma mbele na nyuma, ananitazama tena, kama vile kuna kijana wa sekondari amejificha ndani ya huu mwili. Nyuma yangu foleni inarefuka. Watu wazima na akili zao wanasubiri ihakikishwe kwamba babu ni babu.

Sasa watu hao hao, wenye ulinzi wote huo, mwaka 2023 wakatunga sheria kwamba mtoto wa miaka 16 anaweza kubeba bia na kumpelekea mteja mezani. Kumi na sita! Tena Seneti ya jimbo ilikesha usiku kucha ikibishana, kura zikapigwa saa kumi na moja kasoro alfajiri, 32 kwa 17. Saa kumi na moja kasoro, wapendwa! Kwetu saa hiyo mlevi wa mwisho anapapasa ukuta akitafuta mlango wake, na muadhini anasafisha koo. Uamuzi wowote kuhusu pombe unaofanywa saa hiyo unajulikana ulivyo. Mwezi Mei, Gavana Kim Reynolds akatia saini, mambo yakawa mambo.

Nikasema labda nimeelewa vibaya, Kiingereza changu nacho kina mashimo. Nikamwomba binti yangu Neema, wa miaka 16, anisomee. Akasoma. Kumbe kuna masharti. Iwe mgahawa, siyo baa. Jiko liwe linapika. Jiko likifungwa, mtoto aweke trei chini, hata kama mteja ameshanyoosha mkono. Wawepo wafanyakazi wawili wa miaka 18 au zaidi. Mzazi aandike kibali. Na, hapa nikamwambia arudie, yatolewe mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Malalamiko ya namna hiyo yakitokea, mwajiri amjulishe mzazi na ofisi ya haki za raia ya jimbo.

Ngoja kwanza. Kwa hiyo mheshimiwa, ulipokaa unaandika sheria, ulijua. Ulijua kabisa kwamba ukimtuma mtoto wa watu kwenye meza ya wanaume waliokwisha shusha glasi nne, kuna mkono utatambaa. Ulijua mpaka ukaandaa semina! Mimi nikijua kisima kina chatu simtumi mtoto maji halafu nikampa mafunzo ya kumtambua chatu.

Na sheria ya kunywa haijaguswa. Maana yake Neema wangu ataijua bia kwa jina, bei na aina ya glasi yake, atamweleza mzee wa watu kwamba hii ina uchungu kidogo na ile inaendana na samaki, na yeye mwenyewe imebaki miaka mitano aonje. Ameambiwa nini hasa? Povu likimmwagikia kidoleni afute, asilambe.

Ukiwauliza sababu, wanakwambia wahudumu hawapatikani. Tangu korona, watu waliacha kazi za migahawa na hawakurudi. Maskini, mimi roho ikaniuma, mpaka nilipoangalia mshahara. Kima cha chini cha jimbo hili ni dola 7.25 kwa saa, na ndicho hicho hicho tangu 2008. Neema alikuwa hajazaliwa! Mayai yamepanda, kodi ya nyumba imepanda, presha yangu imepanda, 7.25 imekaa pale pale imetulia. Na hiyo ndiyo ya watu wa kawaida. Mhudumu anayepewa bakshishi, tajiri wake anaweza kumlipa 4.35, kilichobaki kijazwe na wateja. Bakshishi isipofikisha, ndipo tajiri aongezee.

Kwa hiyo nawaona wakubwa wamekaa. Mmoja anasema, hatuna wahudumu. Wa pili anasema, tupandishe mshahara? Kimya. Kikohozi. Wa tatu anasema, au tushushe umri? Makofi!

Hapo ndipo panaponiwasha mimi. Bia siyo tatizo langu kubwa. Tatizo ni kwamba chakula cha mhudumu kimo mfukoni mwa mlevi. Mlevi akisema neno la hovyo, mtu mzima wa miaka 35 ana majibu, tena ana ulimi wa kumkalisha mtu. Mtoto wa miaka 16 atacheka. Atacheka kwa sababu bili bado haijalipwa na sehemu ya bakshishi bado haijajazwa. Hizo semina mtampa, lakini dola tatu kasoro za kujazia ziko upande wa pili wa meza.

Msidhani ni sisi tu. Jirani zetu Wisconsin, mwaka huo huo 2023, wakaleta muswada wa miaka 14. Kumi na nne! Anapeleka bia mezani, kaunta tu ndiyo haruhusiwi. Haukupita, nashukuru, lakini kuna mtu mzima mwenye suti aliamka asubuhi akauandika. Na Wisconsin huko huko mtoto akiwa na mzazi wake anaweza kupewa kinywaji, kwa hiyo angemaliza zamu, baba aje kumchukua, wakae wote meza aliyokuwa anaifuta. Michigan wao wameshuka hadi 17. Na serikali kuu nayo haikubaliani na majimbo. Sheria hiyo hiyo ya Iowa ilisogeza saa za kazi za watoto wa miaka 14 na 15 hadi saa tatu usiku wakati wa shule, serikali kuu inasema mwisho saa moja. Wenye migahawa waliofuata jimbo wakapigwa faini na Wizara ya Kazi. Mtii sheria kapigwa faini! Hapo hata mimi niliwaonea huruma, kidogo.

Basi wiki iliyopita narudi kutoka zamu, miguu imevimba, nakuta karatasi mezani chini ya chupa ya pilipili. Kibali cha mzazi. Neema amepata kazi kwenye mgahawa mmoja, jina nalihifadhi. Nikasema haiwezekani. Mama Neema akasema, "Baba Neema, kula kwanza."

Nikampigia mama yangu Kibosho, Kilimanjaro, nikijua huko nitapata jeshi la kuniunga mkono. Nikamweleza mjukuu wake anataka kuuza pombe. Nikasubiri kilio. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Wanamlipa?" Nikasema wanamlipa. "Wewe nilikulipa?"

Nimesahau kuwaambia: mama yangu alikuwa anapika mbege. Ndizi mbivu, ulezi, magome ya msesewe, kila soko alikuwepo, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lile. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka kata kwa wazee. "Ulianza kubeba huna meno ya mbele," akasema. "Ulikufa?" Nikamwambia mama, wale walikuwa wazee wa ukoo, mmoja akikosa adabu babu anamwinulia fimbo. Huku babu ni karatasi. Akasema muda wa maongezi unaisha, wakati ni mimi niliyepiga.

Nikamfuata jirani yangu Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mwanamume wa heshima, ana mabinti wanne. Nikasema huyu atanielewa. Akasikiliza, akatikisa kichwa polepole. "Miye nilikuwaka nauzisha Simba ku nganda ya mama," akasema, "na nilikuwaka mutoto sana." Simba ni bia ya kwao, nganda ni baa. Halafu akauliza kama huo mgahawa bado unatafuta watu, binti yake wa tatu karibu anatimiza 16. Nikaaga.

Mkenya wa kanisani kwetu ndiye aliyeniliwaza. Akasema kwao mwaka 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Nikafurahi, nikasema angalau kuna watu wanapanda ngazi wakati wengine wanashuka. Akacheka mpaka akashika kiti. "Bro, wale vijana walipiga kelele mtandaoni wiki nzima." Nikamwambia Neema hiyo habari, kwamba dunia inaelekea huku na Iowa inaelekea kule. Akasema, "Baba, dunia hainilipii ada ya chuo."

Sasa mtoto akijibu hivyo unamfanya nini? Na ukweli ni kwamba nami siilipi yote. Usiku ule nikachukua kalamu, nikaketi, nikaanza kuandika masharti yangu nyuma ya fomu, maana hawa wa jimbo wana masharti na mimi pia ni serikali, ingawa ya watu wanne. Moja: saa tatu usiku uko nyumbani, jiko lipike lisipike. Mbili: bakshishi ya mtu anayeshikashika ibaki mezani, ije hasara, nitafidia. Tatu: mtu akikugusa usianze na ofisi ya jimbo, anza na mimi. Nne: siku ya kwanza mimi na Papa Ilunga tutakaa meza ya kona, hatukujui, hutujui.

Nikageuza fomu upande wa mbele niweke saini yangu kwa kishindo. Kuna saini tayari. Ya Mama Neema. Tarehe ya juzi!

"Sheria inataka mzazi mmoja tu," akasema kutoka jikoni, hata hakugeuka.

Neema akaichukua ile fomu, akasoma masharti yangu yote taratibu, akakubali la kwanza, akakubali la pili na la tatu bila ubishi, nikaanza kujiona mwanaume tena. La nne akalitazama sana.

"Mkija mkae," akasema. "Ila muagize chakula, msikae na glasi ya maji masaa mawili. Na mwache asilimia 20. Wanaoacha chini ya hapo tunawajua."

Hata siku ya kwanza kazini hajaenda, ameshasema "tunawajua".