Zimeni hizo taa!

Mtu anatoka Nairobi, ambako mwanga wa taa umemeza karibu nyota zote, anashuka Bonde la Ufa mpaka Magadi kutafuta giza. Anafika kambini, anakuta taa za ulinzi zinamulika juu usiku kucha! Taa ya ulinzi kazi yake ni kumulika ardhi. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mwenzako akikuwashia tochi ya simu usoni, unaanza upya. Inauma, kwa sababu hapa karibu na ikweta tumejaliwa: jioni za Mei unaona makundi mawili ya nyota, Msalaba wa Kusini upande wa kusini na Dubu Mkubwa upande wa kaskazini. Zifunikeni taa, zielekezeni chini, na ukilazimika kumulika njia, tumia taa nyekundu hafifu.