Nonna amenipania ninone

Nyie mnaonitumia meseji saa sita za usiku "oya uko Ulaya unakula raha", hebu leo nisikilizeni. Kula nakula. Raha ndio sijaiona.

Niko Bologna, Italia, huu ni mwezi wangu wa tatu, nimekuja kusoma mwaka mmoja, nakaa na familia ya Kitaliano: baba, mama, kijana wao wa rika langu, na bibi mzaa baba ambaye anakaa ghorofa ya juu lakini jikoni kwake ni huku chini. Nina miaka 17, mtoto wa Malindi, na kabla sijapanda ndege wallahi nilijiona Mtaliano nusu. Malindi nani hajui Kitaliano? Pizza iko, aiskrimu yao iko, vibao vya maduka vimeandikwa Kitaliano, mpaka roketi walikuwa wakizirusha pale Ngomeni, ile setilaiti ya Uhuru ya 1970 si iliondokea baharini kwetu hapo. Nikasema aa, hawa ni majirani tu waliohama.

Kumbe Kitaliano changu ni cha mabichiboi, wale vijana wanaouzia watalii ufukweni. Nacho nilichonacho ni "ciao bella", yaani mambo mrembo, "buon prezzo", bei poa, na "domani safari blu", kesho twende baharini na mashua. Basi siku ya kwanza shule, mwalimu wa hesabu anaingia, mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa mnyororo, ananiambia nijitambulishe, na mie nikasimama kifua mbele nikamwambia ciao bella. Darasa lilianguka. Kule ciao ni ya wenzio, mwalimu anaambiwa buongiorno, kumwambia ciao ni kama uingie madrasa umwambie maalim "niaje", sasa mie na "bella" juu nimeongeza. Tangu siku hiyo shule nzima wananiita Safari Blu. Na Jumamosi tunaenda pia, ati, Jumamosi! Mpaka saa saba mchana mko darasani, na yule mama wa hesabu akitaka kuuliza mtu anafungua orodha ya majina anapitisha kidole taratiiibu bila kusema kitu, darasa kimya, kila mtu anasoma dua yake, halafu ukiitwa unasimama mbele ya wenzio unaulizwa mpaka akuchoke. Maksi juu ya kumi, sita ndio umepita. Mie nilipata nne akaniambia nimejitahidi.

Nimeruka mbele. Uwanja wa ndege yule kijana alinionyesha mzee wake akasema "babbo". Mie nikasikia babu. Nikainama kwa heshima zote, "shikamoo babu", nikamshika na mkono. Mtu wa miaka arobaini na kitu, kapaka na jeli kichwani! Njiani akauliza kwa simu ya kutafsiri nimesema nini, nikamweleza bila kuficha, akanyamaza mpaka tumefika nyumbani. Babbo ni baba, jamani. Sasa mngeniambia mapema.

Lakini aliyenipania ni Nonna. Nonna kwao ndio bibi. Sisi ukimwambia mtu "nona" unamwamuru anenepe, na huyu mama hilo ndilo analolifanya kutwa, jina na kazi vimekutana. Usiku wa kwanza, saa mbili, tumekaa mezani, ikaja sahani ya pasta imejaa na kilima juu. Mie nikajua chakula ndio hiki. Na nimelelewa, ukiwa kwa watu unakula unamaliza usiaibishe mama yako, nikamaliza. Akaniongeza. Nikamaliza tena huku nafungua kifungo cha suruali chini kwa chini. Akachukua sahani, nikamshukuru Mungu, kumbe anapisha nafasi: ikaja nyama, na viazi vya kuoka, na mboga, halafu jibini, halafu matunda, na wote wamenitazama mie. Ile pasta inaitwa primo, yaani ya kwanza, jina lenyewe lilikuwa linanionya na sikusikia. Nikasema "basta", hiyo naijua, si ni kama basi yetu. Kwa Nonna basta ni neno la kuombea nyongeza. "Mangia, mangia," yaani kula, kula, na vile vidole vyake vitano amevibana pamoja anavitikisa mbele ya pua yangu kama anayeonja chumvi hewani.

Na nguruwe sili, walishaambiwa kabla sijaja. Sasa nimepelekwa wapi? Bologna! Mji wa mortadella, soseji nene ya nguruwe. Tortellini zao ndani ni nguruwe, ragù yao, mchuzi wa pasta, ina pancetta, naye ni nguruwe, hata supu ukiigeuza unamkuta chini kajificha. Wiki ya kwanza Nonna ananisukumia sahani, nauliza hii nguruwe? Ananijibu amekasirika, hapana, nguruwe gani, hii ni prosciutto. Yaani ni sawa nikwambie huyu si samaki, huyu ni nguru. Alipokuja kuelewa alikaa chini akauliza taratibu, kama anayeuliza habari ya mgonjwa, sasa huyu mtoto kwao wanaishije. Tangu hapo kila Jumapili ananikandia tortelloni zangu peke yangu za ricotta, jibini laini, sufuria mbali, mwiko mbali, na yeyote akiugusa mwiko wangu anapigwa na kitambaa cha mkono. Hapo nampa haki yake. Ila anazipika za watu wanne, na wa kula ni mie.

Jumapili hiyo hiyo mchana anawasha TV, ananyamazisha nyumba nzima, "parla il Papa". Mie moyoni, papa? Anaongea? Nikataka kuchangia mazungumzo, nikamwambia kwa Kitaliano changu kwamba sisi kwetu papa tunamla na tui la nazi, na wengine wanamkausha kwa chumvi anakaa mwezi. Kijana alinikanyaga mguu chini ya meza lakini maneno yalishatoka. Nonna akafanya ishara ya msalaba. Kumbe Papa wao ni Baba Mtakatifu. Ilibidi nichore samaki nyuma ya risiti, na mapezi yake, ndio nikasamehewa, na sina uhakika kama ni yote.

Halafu hii habari ya upepo. Nyie mnajua sisi dirisha linafunguliwa ili upepo uingie mtu apate usingizi, upepo ni neema, nyumba isiyo na upepo nani anapanga? Huku upepo ndio ugonjwa. Una na jina, colpo d'aria, unakupiga shingoni, unakupiga tumboni, unakupiga mpaka masikio. Nikifungua dirisha dakika mbili tu Nonna amefika, na sikumsikia kushuka ngazi. Nikitoka kuoga nywele mbichi, nywele zenyewe hizi zangu kidole kimoja, ananifuata na mashine ya kukaushia. Na kutembea peku ndani ya nyumba, hilo ndio jinai kubwa. Mie tangu kuzaliwa ndani natembea peku, viatu vinabaki mlangoni, huo ndio ustaarabu niliofunzwa. Yeye ameninunulia slipa jozi tatu, moja ina masikio ya sungura, ameziweka kila kona kama mitego ya panya.

Mji wenyewe una vile vibaraza vyao vya kupitia watu, nguzo na paa juu, portici, kilomita 62 ukivijumlisha, UNESCO waliviingiza kwenye orodha yao 2021. Unatoka nyumbani mpaka shule hukupigwa na tone. Na bado ananipa mwavuli.

Kitu kimoja siwezi kusema uongo, chooni wamenitendea haki. Nilikuja na kopo langu kwenye begi, mama alilifunga na kanga mbili lisivunjike, kwa vile tulikuwa tumesikia habari za Wazungu na karatasi. Nikakuta kisinki kimekaa chini, bomba na kila kitu. Nikadhani ni cha mtoto, nikawa nafulia soksi. Babbo kazi yake ni kupima majengo, akanieleza kwamba bidet kwao iko kwenye sheria tangu 1975, nyumba lazima iwe nayo. Karibu nimkumbatie. Soksi nilinyamaza.

Kahawa ndio sitaki hata kuanza. Kwetu kikombe kidogo cha kahawa chungu, tangawizi imo, tende pembeni, mtu anakaa nacho barazani mpaka serikali ibadilike. Wao kikombe ni kile kile, uchungu ule ule, lakini wanasimama kaunta, wanapiga mafunda mawili, wameondoka! Nilikaa kwenye kiti kama mtu mwenye akili, bili ikaja imepanda, kumbe hata kukaa kunalipiwa. Na siku nyingine baada ya chakula cha mchana niliagiza cappuccino, jamaa wa kaunta akanitazama, akamtazama Babbo, akarudi kunitazama, kama nimeomba uji kwenye harusi.

Sasa juzi. Mama wa hapa akasema nipike kitu cha kwetu. Nikafikiri, mahamri siyawezi, biriani ndio kabisa, nikasema tambi. Tambi za sukari, za Iddi. Tui la kopo na iliki nilipata duka la Wabangali, zabibu kavu zilikuwepo ndani, na tambi zenyewe, si nyumba hii imejaa tambi? Nikachukua pakiti ya spaghetti, nikaikamata huku na huku, nikaivunja. Kra!

Nilisikia pumzi nyuma yangu. Nonna yuko mlangoni, mkono kifuani. Sikusimama, manake tambi za sukari lazima uvunje, nikavunja tena, kra, mpaka zikawa vidole vidole. Nikaweka mafuta kwenye sufuria nikaanza kuzikaanga kavu kavu zipate rangi, akauliza maji yako wapi, nikamwambia maji baadaye Nonna, akamwita mwanawe kwa jina kamili. Nikatia tui, iliki ikanukia, moyo wangu ukaruka mpaka Shela kule Malindi. Halafu nikachukua sukari. Hapo alivuta kiti akakaa, akawa anasema jina la marehemu mumewe.

Na ndio dakika hiyo hiyo simu inalia, mama yangu, video. Sijasema salamu Nonna ameninyang'anya. Mama anauza viazi karai barabarani Malindi miaka yote hii, Kitaliano chake ni cha "quanto", ngapi, na "domani paga", kesho lipa, nikasema hawa hawataelewana. Walielewana sekunde ile ile! Nonna anamwonyesha miguu yangu, peku, mama anashika kichwa. Nonna anafungua dirisha na kulifunga, anashika shingo, anakohoa, mama anaitikia "sì sì sì, testa dura", yaani kichwa ngumu, hilo neno amelitoa wapi sijui. Nikaona sasa tambi zitaniokoa, mama atanitetea, nikasema mama mwonyeshe, mwambie sisi ndio tunavyopika.

Nonna akageuza kamera kwenye sufuria. Mama akasogea karibu na kioo mpaka nikaona tundu za pua tu.

"Hizi ni tambi ama ni uji? Umetia maji kama unachota kisimani! Tambi zinatakiwa zichambuke moja moja wewe!"

Nonna hakuelewa neno hata moja, lakini ule uso aliuelewa. Alichota tambi moja kwa uma, akainyanyua ikakatika yenyewe, akamwonyesha mama. Wote wawili wakatikisa kichwa kwa pamoja, huyu Bologna, yule Malindi, mimi nimesimama katikati na mwiko.

Sasa wanapigiana kila siku. Kwa bando zangu.