Hakifiki Hata Mita 30

Mimi ni fundi redio, Ngamiani, Tanga. Naanza na hilo ili ukubwa wa aibu ujulikane mapema. Miaka 22 sasa nimeinamia sakiti za watu. Mtu akija na redio inayokwaruza, namwambia kabla hajaiweka mezani: vuta antena yote, isimamishe wima, usiielekeze ncha kama unamtishia mtu na bakora. Nguvu ya mawimbi iko ubavuni mwa antena, nchani hamna kitu. Nimeyasema hayo mpaka mke wangu huyaimba akikuna nazi.

Basi mwezi wa 7 mteja mmoja kaniletea helikopta ndogo ya kuchezea, urefu wa kiganja, anasema imekufa. Nikaijaribu kibandani, ikaruka, ikagonga pangaboi. Nikamrudishia. Kesho yake huyo hapo tena: imekufa. Tulipotoka nayo nje ndipo nikaelewa. Ilikuwa ya miale, kama rimoti ya televisheni, na jua la saa nne lina miale ileile tele, kwa hiyo ikitoka kivulini haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikamwambia airushie sebuleni, na ikifika mita 10 ashukuru. Nikatoza elfu tatu za ushauri. Lakini mdudu alikuwa ameshaniingia.

Nikanunua yangu, ya mawimbi ya redio hasa, ya gigahezi 2.4. Boksi limeandikwa mita 100. Nyumbani nikasema ni ya mtoto. Mtoto ana miezi minane.

Kabla sijairusha nikaifungua rimoti, kwani ufundi ni ugonjwa. Ndani ya ile pembe ya plastiki iliyojisimamia juu kwa mbwembwe, mlikuwa na kijiwaya cha sentimita 3. Nikacheka peke yangu. Antena ya redio ya FM huwa ya sentimita 75 hivi, na mimi nimepandisha za televisheni mpaka juu ya minazi. Hii itafika wapi? Hesabu ni ileile, antena ni robo ya urefu wa wimbi, na wimbi la gigahezi 2.4 lote ni sentimita 12 na nusu. Hesabu niliijua. Macho ndiyo yalikuwa yameshadharau.

Saa kumi na nusu alasiri nikatoka nayo kiwanjani nyuma ya nyumba, watoto wa mtaa nyuma yangu kama nimebeba ngoma. Kusi ilikuwa inavuma, na kusi ya mwezi wa 7 hapa kwetu haina utani; wavuvi wenyewe huiamkia. Sasa helikopta yangu ina uzito wa yai la kuku wa kienyeji. Juu ina mapanga mawili yaliyopandana, moja linazunguka huku na jingine kule, ndiyo maana haijizungushi kama pia. Mkiani ina kijipanga kilicholala, ambacho kazi yake ni kuinua mkia au kuushusha ili chombo kiende mbele au nyuma. Nguvu ya hicho kijipanga ni ya kupoza uji wa mtoto, basi.

Kijiti cha kushoto ndicho cha mafuta, yaani cha kuipandisha. Ukikiachia kinarudi chini chenyewe. Nikakisukuma. Ikapanda, nzuri kabisa, taa yake nyekundu inapepesa. Ilipofika usawa wa mabati ikakutana na kusi, ikaanza kuondoka. Nikaiita irudi. Ikanigeuzia pua kwa heshima zote, ikaendelea kwenda kinyumenyume, kama mtu anayeaga wazee. Nikanyoosha mikono yote miwili, ncha ya antena ikiielekea helikopta kabisa, mgongo umepinda, nasukuma kijiti mpaka kidole gumba kikawa cheupe. Mimi, mwenye wimbo wa ubavuni!

Ikapita mwembe. Ikawa nukta. Nikaona bora nizime kabla haijavuka mpaka wa Horohoro bila pasi. Nikaachia kijiti, ikazama nyuma ya mapaa ya watu, na watoto wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Kabla ya Magharibi nilikuwa nimeshafika kwenye kahawa kutoa hukumu. "Mita 100 gani? Wizi mtupu. Kile hakifiki hata mita 30. Kimefika pale, mawimbi yamekatika, kimekwenda zake." Wazee wakatikisa vichwa, wakalaani boksi. Mmoja tu, aliyekuwa baharia wa majahazi enzi zake, akaweka kikombe chini akauliza: "Kama mawimbi yalikatika, kilikuwa kinapaa kwa amri ya nani?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Na mzee ndiye aliyekuwa mtaalamu. Vidude hivi vikikosa mawimbi hukata mota vyenyewe, vikadondoka palepale. Changu hakikudondoka mpaka nilipoachia kijiti. Maana yake muda wote kilikuwa kinanisikia neno kwa neno, ila kusi ilikuwa na mbio kuliko kijipanga cha uji. Hayo nayasema leo. Jioni ile nilinunua kashata mbili nikaondoka na ushindi wangu.

Baada ya swala nikakumbuka kwamba niliiacha imewashwa. Ilikuwa imeruka dakika mbili tu, betri ina uhai. Njia inajulikana: ukiipoteza, gusa kijiti, sikiliza inakokereza, ifuate. Umeme nao ulikuwa umekatika, mtaa umetulia. Nikapanda juu ya tangi la maji uani, na safari hii nikafuata ufundi: rimoti juu ya kichwa, antena wima kama mlingoti. Nikagusa. Nikatega sikio. Sikusikia ila jenereta ya duka la jirani. Nikangoja kidogo, nikagusa tena, ndefu. Jenereta. Nikaendelea hivyo karibu nusu saa, gusa, sikiliza, gusa, sikiliza. Mke wangu ananitazama kutoka jikoni haulizi kitu, na ndoa hufika hapo.

Simu yake ikalia. Akasikiliza, akaniita kwa sauti ya chini. "Mama anasema juu ya bati lake kuna kitu kinaparura. Kinaparura, kinanyamaza, kinaparura tena. Nenda kamwangalizie, pengine ile antena uliyomfungia imelegea."

Mama mkwe anakaa barabara ya pili kutoka kwetu, upande wa kaskazini. Kusi hupuliza vitu kwenda kaskazini. Mtu mzima mwenye akili timamu angeyaunganisha hayo mawili. Mimi nikavaa koti, nikatumbukiza rimoti mfukoni ili nikitoka huko niendelee kutafuta, nikaenda.

Nikakuta uani kumejaa. Ubani umeshafukizwa, majirani wanne wamejifunga khanga za kichwani, taa ya sola katikati, na mwalimu wa madrasa ameitwa, kaketi kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae ujisikilizie mwenyewe."

Nikasogezewa kigoda. Kigoda ni kifupi, mimi ni mrefu, koti likajikunja tumboni. Nikaketi.

KRRRRRRRR!

Bati la mama mkwe ni la zamani, lile zito linaloimba hata akitua kunguru. Mlio ule ulikuwa kama mtu anamwaga kokoto huku anakimbia. Akinamama wakashikana. Mimi nikaruka juu, nimesimama. Kimya.

"Umesikia?" akasema mama mkwe.

Nikasema nimesikia. Mwalimu akasoma kidogo, kwa utulivu, akauliza kama nyumba ina paka. Haina. Mapigo yakarudi mahali pake, nikaketi tena. KRRRRRR! Na hapo nikaihisi: kijiti cha kushoto, kati ya paja na tumbo langu, kimebanwa sawasawa.

Jasho lilinitoka usiku wa kusi. Nikasema ngoja niingie ndani niangalie dari. Ndani nikakaa kwenye kiti cha mama mkwe, nikapumua, na juu kimya kabisa hata nilipoinama kwa bahati mbaya, maana bati limefunika nyumba nzima kama kifuniko cha sufuria na mawimbi hayapenyi hapo. Huko uani nikasikia jirani anasema, "Mnaona, kaingia fundi, kimemwogopa." Nikaona njia ya kuponea. Nikarudi nje na uso wa kazi, nikasema sijaona kitu, nitakuja asubuhi na ngazi.

"Keti kwanza, kahawa inakuja," akasema mama mkwe.

Mkwe haambiwi keti akakataa. Nikaketi kwa upande, tako moja, kama niliyechomwa sindano. Haikusaidia. Krrrr. Nikainuka kujifanya natazama mwezi. Kimya. Akinamama wote wanatazama juu. Mwalimu anatazama juu. Mama mkwe peke yake ananitazama mimi.

"Keti, mwanangu."

Krrr.

"Simama."

Kimya.

"Keti."

Krr... Mlio ulikuwa umeanza kuchoka, betri inaaga. Jirani mmoja akasema kinaondoka, alhamdulillahi. Nakiri nilijaribiwa. Dakika tano zaidi ingezima kabisa, sifa zingekwenda kwenye ubani, na mimi alfajiri ningepanda bati kimyakimya.

"Simama," akasema mama mkwe. "Shetani gani huyu anayemwamkia mkwe wangu peke yake?" Akanyoosha kiganja. "Hebu toa ulichonacho mfukoni."

Nikatoa. Mwalimu akaipokea, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akagusa kijiti kwa ncha ya kidole. Juu ya bati: kr. Akagusa tena: kr. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, mtu wa watu, hakunipa hata neno moja zito. Akaniuliza tu, kwa udadisi wa kweli, "Hii inafika umbali gani?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mlangoni. Baharia wetu, kumbe alikuwa anapita kwenda kwake, kaona watu.

"Hakifiki hata mita 30," akasema. "Kasema mwenyewe leo kwenye kahawa."

Asubuhi nilikwenda na ngazi. Nikaikuta imelala ubavu kwenye bonde la bati, panga moja limevunjika ncha, kile kijiwaya chake kiko juu wazi, hakuna ukuta wala mti kati yake na tangi langu la maji. Nikapima kwa futi kamba, nikihamisha alama mara tatu huku watoto wakinishikia mwisho. Mita 87. Niliirudia hesabu, nikitumaini inipunguzie.

Kwenye kahawa jina nimeshapata. Sasa mtu akiuliza kutoka hapa mpaka stendi ni mbali gani, anajibiwa kwa mita za fundi.

Helikopta sijarudishiwa. Imo kwenye kabati la vioo la mama mkwe, kati ya birika la kichina na vikombe vya harusi yake, na kila nikienda kumwamkia hunipapasa mfuko kwa macho kabla ya kusema marahaba. Rimoti ninayo mimi, iko kibandani juu ya rafu. Juzi mjukuu wake kaja mbio. Bibi kamtuma waya wa chaji.