Nani Anatia Saini Barua ya Mkuu wa Chuo?

Tarehe 10 Machi 1990, siku moja tu kabla dikteta Augusto Pinochet hajamkabidhi Patricio Aylwin urais wa Chile, sheria ya elimu iitwayo LOCE ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Siku moja! Virago vishafungwa, lakini kalamu bado haijawekwa chini. Sheria hiyo haikuweza kubadilishwa kwa wingi wa kawaida wa kura bungeni. Ilidumu hadi 2009, na hata hapo ni baada ya wanafunzi wa sekondari kufurika barabarani mwaka 2006.

Utawala wa mabavu ukianguka, picha ya dikteta hushushwa ukutani na watu husema chuo kikuu kiko huru. Mimi huuliza kwanza nani anatia saini barua ya uteuzi wa mkuu wa chuo. Misri walipata jibu chungu. Hosni Mubarak alipoondoka mwaka 2011, wahadhiri walidai kuwapigia kura wakuu wao, wakapata. Juni 2014 Rais Abdel Fattah al-Sisi akaurudisha uteuzi huo mikononi mwa rais.

Lakini sheria ikirekebishwa, watu je? Usiku wa tarehe 29 Julai 1966, polisi wa serikali ya kijeshi ya Argentina waliingia katika vitivo vya Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Maprofesa walipitishwa kati ya safu mbili za askari, wakipigwa virungu mmoja baada ya mwingine. Mamia walijiuzulu, wengi wakahama nchi. Demokrasia iliporudi mwaka 1983, ilikuta vijana waliokuwa wafundishwe na watu hao wameshakuwa watu wazima. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa tamko la waziri. Ndiyo maana naumia nikiona serikali mpya inawafukuza watu wa dikteta na kujaza nafasi zao kwa makada wa chama chake, badala ya kuzitangaza wazi watu washindane kwa kazi zao za kitaaluma.

Wala si lazima kungoja dikteta aondoke. Agosti 1987 Pinochet alimteua José Luis Federici kuongoza Chuo Kikuu cha Chile. Wahadhiri na wanafunzi waligoma, madarasa yakawa matupu kwa wiki nyingi. Oktoba Federici akaondoka, Pinochet akiwa bado ikulu.