Kila jedwali la fotoni litaje muda mfu

Ninaposoma ripoti ya kipimo cha kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, kitu cha kwanza ninachotafuta ni muda mfu wa kigunduzi. Mara nyingi sikioni, na hilo linaniudhi.

Kigunduzi kikishanasa fotoni moja hakioni kitu kwa kitambo; huo ndio muda mfu. Kwa bomba la Geiger, la kupimia mionzi, kitambo hicho ni kama maikrosekunde 100. Kwa vigunduzi vya silikoni vinavyonasa fotoni mojamoja, ni makumi ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Kwamba fotoni zinapotea wengi wanajua. Wanasahihisha wastani kwa kanuni ya vitabuni, kisha wanaona kazi imekwisha. Mimi nasema bado, kwa sababu mtawanyiko wa hesabu, yaani jinsi zinavyopishana ukirudia kipimo, nao umeharibika.

Tuseme muda mfu ni nanosekunde 50, na fotoni zinaingia milioni 10 kwa sekunde. Katika milisekunde moja zinapita 10,000, lakini kigunduzi kinahesabu 6,667 tu. Kwa mgawanyo wa Poisson, yaani kama fotoni zingehesabiwa bila kutegemeana, mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa 6,667 ungekuwa 82 hivi. Ukirudia kipimo mara nyingi utapata mkengeuko wa 54. Kigunduzi kimelazimisha nafasi kati ya fotoni na fotoni, kwa hiyo hesabu zimetulia kuliko mwanga wenyewe. Anayetazama grafu atafurahi kwamba kifaa ni kizuri. Sasa sahihisha: unarudi kwenye 10,000, ila mkengeuko unapanda hadi 122, wakati kigunduzi kisicho na muda mfu kingekupa 100. Kanuni imekurudishia wastani. Taarifa iliyokuwa kwenye zile fotoni zilizopotea haikurudi.

Na hiyo ni hali nyepesi. Viko vigunduzi ambavyo kila fotoni inayofika wakati viko kwenye muda mfu huurefusha muda huo. Ukiviongezea mwanga kupita kiasi hesabu inashuka, na chanzo kikali kinasomeka kama hafifu.

Setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa na NASA mwaka 2018, hupima kimo cha barafu kwa kuhesabu fotoni za leza, ikipiga mapigo 10,000 kwa sekunde. Muda mfu wake ni kama nanosekunde 3 tu. Hata hivyo, juu ya barafu angavu fotoni za mwanzo hunaswa na zinazofuata hukosa nafasi, hivyo uso wa barafu huonekana juu kuliko ulipo. Watafiti wake waliliweka wazi tatizo hilo na kuliwekea marekebisho. Maabara ndogo nayo inaweza.

Kupima muda mfu hakuhitaji fedha nyingi. Washa chanzo kimoja cha mwanga, hesabu. Kizime, washa cha pili, hesabu. Kisha washa vyote viwili. Ondoa hesabu ya usuli, ile inayopatikana vyanzo vyote vikiwa vimezimwa. Kiasi ambacho hesabu ya pamoja imepungukiwa na jumla ya zile mbili ndicho kitakachokupa muda mfu. Uandike kwenye ripoti, kando yake hesabu ghafi kabla ya kusahihishwa.